Barua ya choo cha wasichana

Leo asubuhi nimefundisha haki za raia. Mchana nimemtupia mtoto wa watu mzigo wangu.

Wanafunzi wangu walimwandikia mwalimu mkuu kuwa choo cha wasichana pale skuli hakina mlango.
Barua ya adabu, wallahi. Imeanza na shikamoo.

Mwalimu mkuu akaja nayo darasani.
"Nani kakufundisheni haya?"

Nami hapo nimeshika chaki.

Kidawa, yule mpole wa Bububu, akasimama.
"Hakuna mtu, mwalimu. Nimeandika mwenyewe."

"Kesho uje na baba yako."

Ubaoni kulikuwa na mwandiko wangu: Raia ana haki ya kusikilizwa.

Nkageuka, nkaufuta.

Nyuma yangu nkasikia madaftari yanafungwa, moja baada ya jingine.

Jamani, kesho nnaanzia wapi?