Japani Nyuma ya Pazia

Kwanza nilisikia kitu kikikwaruza mabati. Kilikuja polepole kwenye kichochoro chetu cha Kibera, kikagonga ukuta, kikanyamaza, kikaanza tena, na kila kiliponyamaza nilisikia pumzi ya mtu aliyezidiwa na mzigo. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika sasa hivi, na matone yalikuwa bado yakidondoka kutoka ukingoni mwa paa. Nilidhani ni mpangaji mpya anahamia, nikaendelea kuandika. Kisha kile kitu kikatuliwa mlangoni pangu, na sauti niliyoijua kabla sijajua kusema ikaniita kwa tusi letu la utotoni.

"We kichwa-maji, fungua."

Alikuwa dada yangu mkubwa, na sanduku lake. Saa ile alipaswa kuwa angani.

Jana yake, Jumapili, upande wetu wote wa Kawangware, pale karibu na kituo cha matatu za 46, ulikuwa umemsindikiza kwenda Japani. Dada alikuwa yaya katika nyumba ya Wajapani, kule kwenye mitaa ya mabustani ng'ambo ya mto. Jikoni mwao palitundikwa kalenda, na kila ulipofunuliwa ukurasa wa mwezi wa nne, mama wa nyumba alimwita aje aitazame: miti iliyofunikwa na maua ya waridi yaliyopauka, na chini yake watu wameketi mikekani, wazee kwa watoto, wanakula na kutazama juu. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba maua yale hayakai. Yakichanua, watu huacha kazi na kupanda treni kwenda kuyaona. Upepo ukija, yamekwisha. Mwaka ule alimwambia: tutakwenda wote, utambeba mtoto, na wewe utayaona.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama sisi watu wa Machakos, hakuelewa.

"Mti huo unazaa nini?"

"Hauzai kitu, Mwaitu. Maua tu."

"Watu wazima wanapanda treni kwenda kuangalia mti tasa?"

Alicheka hadi akaacha kusuka kiondo. Lakini kesho yake nilimkuta kwenye meza yake ya ndengu na kunde akiwaambia wateja kwamba huko anakokwenda binti yake watu wamestaarabika kiasi cha kutouliza matunda.

Kwetu mtu hasafiri kimya. Akina mama wa kikundi walipika chai ya maziwa na kukata mikate. Mchungaji alimwekea dada mikono kichwani, akaombea mabawa ya ndege, akaombea magurudumu, akamwombea rubani asisinzie. Mwenye ploti yetu, ambaye babu yake alichunga mbuzi pale kabla ya chumba hata kimoja kujengwa, na ambaye hakuwahi kumsalimu Mwaitu isipokuwa mwisho wa mwezi, alisimama akasema ploti yake imezaa. Kitanda cha dada kilipewa binti wa shangazi kabla chai haijapoa. Na Mwaitu, aliyekaa miaka yote kwenye benchi la mlangoni kanisani, akashikwa mkono na kupelekwa benchi la mbele. Siku ile ile wakaanza kumwita Mama Japani. Jina hilo halijamtoka hadi leo.

Asubuhi dada alipofika kwenye geti la waajiri wake, mipango ilikuwa imebadilika. Bibi wa mtoto, huko kwao, alitaka kumshika mjukuu mwenyewe, na kazini kwa baba mtu hawakukubali kulipia tikiti ya yaya.

"Sasa hukusema kitu?" nilimuuliza.

"Niseme nini? Aliniinamia, wewe. Mwanamke yule tajiri aliniinamia mimi, mpaka nikauona utosi wake. Nimewahi kutukanwa na matajiri, najua la kufanya. Anayekuinamia unamfanyaje?"

"Ungerudi nyumbani basi."

"Nirudi vipi? Wameshaniombea."

Alilisema bila machozi, kama mtu anavyosema mto umejaa, haupitiki. Nilitundika shuka katikati ya chumba changu, yeye akalala upande wa kitanda na mimi upande wa meza.

Mama mwenye nyumba, bibi wa Kinubi aliyezaliwa pale pale Kibera, alianza maswali siku ya pili.

"Mwandishi, bibi yako mgonjwa? Mbona hatoki?"

"Si bibi, mama. Ni dada yangu."

"Ee. Wote husema hivyo."

Vijana wa bombani nao wakadakia. "Niaje, msee! Umeoa kimyakimya? Leta hata soda basi!" Mwanzoni dada alikuwa akicheka nyuma ya pazia, amejiziba mdomo kwa kanga. Baadaye akaacha. Alitoka alfajiri tu, amejifunika kichwa, kwa sababu nusu ya kanisa letu la Kawangware ilikuwa na ndugu Kibera, na habari huvuka mtaa wa Satellite na barabara ya Ngong haraka kuliko miguu. Mchana alisikiliza mvua. Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma, na mabati yetu yalikuwa membamba.

"Wewe si unatunga?" aliniambia siku moja. "Nitungie hayo maua."

Siku zile nilikuwa nashinda na vijana wenzangu mjini, tukisomeana kurasa zetu jioni, tukiamini kwamba neno likiwekwa mahali pake linaweza kumwamsha maiti. Nikamtungia. Nikamwambia juu ya mawingu yaliyoshuka kukaa kwenye matawi, juu ya mvua isiyolowesha, juu ya upepo unaoomba radhi kabla ya kupita. Alisikiliza amefumba macho.

"Hayo maua yako yananuka sabuni," alisema nilipomaliza. "Halafu watu wako wanatazama tu. Wale wa kwenye kalenda walikuwa wanakula. Mmoja shavu lilikuwa limemvimba kwa chakula." Akafumbua macho. "Na mimi ningekuwa nimesimama pembeni na mtoto mgongoni. Unadhani kuna ambaye angenisogezea mkeka?"

Hakuniomba tena. Kuanzia hapo alizungumzia kurudi kwetu. Alitaka kitanda chake, alitaka kukaa nje juani akichambua kunde. Aliamua kwamba Jumapili itakayofuata angemwendea Mwaitu moja kwa moja, kabla watu hawajatoka kanisani, amweleze yote. "Wengine watacheka. Yeye atanipokea. Mama ni mama." Aliirudia kauli hiyo mara nyingi mno, na kila mara aliniangalia kama anayengoja niitikie amina.

Mwaitu alitutangulia. Alikuja Jumamosi. Dada aliisikia sauti yake uani, akijuliana hali na mama mwenye nyumba, akakimbilia nyuma ya pazia. Mwaitu aliketi kwenye kigoda, akakataa chai, akatoa kiondo chake kisichokwisha na kuanza kusuka. Tulizungumza juu ya matope. Halafu akasema, macho yakiwa kwenye mkonge, "Viatu vya dada yako vimerudi kabla yake."

Vilikuwa chini ya meza yangu.

"Mtunza bustani wa nyumba ya jirani yao anasali na sisi," aliendelea. "Aliliona gari lao likienda uwanja wa ndege, dada yako hamo. Ameniambia mimi peke yangu, na ameshakula kuku wangu ili anyamaze."

Moyo wangu ulitua. "Basi afadhali, Mwaitu. Mchukue mwende nyumbani."

"Hayo maua hukaa muda gani?"

"Maua gani?"

"Ya huko. Yanakwisha lini?"

"Sijui. Pengine mwisho wa mwezi."

"Basi ni mwisho wa mwezi."

Aliweka kiondo chini. Kutoka ndani yake akatoa furushi na kulifungua juu ya karatasi zangu: vitambaa vya kichwa vya maua, mapepeo ya karatasi, vikombe vidogo visivyo na mikono. Alikuwa amevinunua kwenye duka la Mhindi mjini.

"Vitambaa ni vya akina mama wa kikundi. Pepeo hili ni la mchungaji, kikombe ni cha mwenye ploti. Dada yako atakuja navyo kwa teksi, mchana, watu wakimwona anashuka."

Pazia likafunuka. Dada alisimama pekupeku, shuka mkononi. Mwaitu alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umekonda. Chakula cha huko kimekukataa."

"Nataka kwenda nyumbani, Mwaitu."

"Utakwenda. Nimesema lini."

"Nataka leo. Nimejificha kama mwizi na sikuiba kitu."

"Na mimi je? Miaka yote nilikaa mlangoni, karibu na viatu vya watu. Sasa nasoma Neno mbele ya kanisa. Paa lilivuja wiki hii, mwenye ploti akaleta fundi kabla sijafungua mdomo. Mimi, fundi! Unataka nikawaambie tulimsumbua Mungu bure?"

"Waambie nilikataliwa tu. Si dhambi."

"Kukataliwa nakujua, mwanangu. Nimekula chakula hicho maisha yangu yote. Hili la kuheshimiwa ndilo nimelionja juzi, na sijashiba."

Dada alisogea mezani, akakunjua kitambaa kimoja. Maua yake yalikuwa mekundu, makubwa kama kabichi.

"Si haya. Yale ni madogo."

"Nani atajua?"

Nilingoja mmoja wao apige kelele. Ningejua la kufanya na kelele. Dada alikikunja kitambaa vizuri, kona kwa kona, akakirudisha juu ya vingine. Akaketi kitandani, akavaa viatu. Akavaa sweta nzito aliyofumiwa na akina mama wa kikundi kwa ajili ya baridi ya Japani, akafunga vifungo vyote na jua lilikuwa limeshatoka. Akachukua mkoba wa mkononi, sanduku akaliacha.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

Mwaitu alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nikaiona hofu usoni mwake.

"Popote uendako," alisema, "usipite Kawangware."

Dada alimgeukia. Midomo yake ilicheza, nikadhani atalia.

"Si mlinisindikiza, Mwaitu? Nyote, na mchungaji mbele. Basi nimekwenda."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, taratibu, mpaka ukafunga.