Ugoro wa Safu ya Nyuma

Ortensio Zabarin alipiga fidla safu ya nyuma katika ukumbi wa Padova, na kwake kila mgeni aliyekuja kupiga konseto, yaani fidla yake mbele na okestra ikimfuata, alikuwa bwege. Huyu jogoo, yule paka aliyebanwa na mlango. Yeye mwenyewe hakuwahi kuombwa apige peke yake hata msibani.

Alichodharau zaidi ni pale okestra inaponyamaza na mgeni anaachwa ajichezee apendavyo, mpaka atetemeshe noti ndefu ya kuwaita wenzake warudi. Wageni wote walikuwa wakijirefusha hapo, wakitafuta makofi. Basi Ortensio alizoea kulaza fidla magotini na kutoa ugoro.

Jioni ile mgeni alikuwa binti mwembamba kutoka Bergamo. Okestra iliponyamaza, Ortensio akampa Tiso, jirani yake, kikopo.

"Nusa taratibu, ndugu yangu. Huyu atatukalisha hapa mpaka ugali wetu wa polenta upoe nyumbani."

Kikopo kikazunguka safu nzima.

Binti akapiga vifungu vichache, vitamu, akatetemesha noti yake. Basi, kamaliza. Wa mbele wakaitika. Nyuma kukasikika chafya, na upinde ukianguka sakafuni. Ukumbi ukacheka.

Baadaye binti akapita kwao, mpole kabisa.

"Nisamehe, babu. Ningejua hujamaliza kunusa, ningekusubiri."

Ortensio akafungua kinywa ampachike jina la mnyama. Ikatoka chafya.