Saa Moja Kutoka kwa Mama

Alikuja Dar es Salaam juu ya lori la ndizi, safari ya mchana kutwa na usiku kucha, akashukia Kariakoo miguu imekufa ganzi. Huyo ndiye Mangi, kama mji huu unavyomwita kila mwenye duka aliyetoka Kilimanjaro, muuza vitenge wa jumla pale Msimbazi. Amefariki. Alianguka dukani Jumatatu akifungua robota la mzigo mpya, na hospitali hakuwahi kufika.

Mimi ni mtu wa kutangatanga, lakini kila niliporudi mjini nilipita kwake kunywa kahawa. Zamani, Desemba ikifika, humkuti. Alikuwa anapanda basi alfajiri na kushinda njiani, kamfungashia mama yake sukari, mafuta ya kula na kitenge, kwa sababu nyumbani kwao mbuzi wa Krismasi alichinjwa na mwana aliyerudi. Mwaka mmoja maji yalikata barabara; akavuka kwa miguu, akadandia gari upande wa pili.

Kisha akapanda ndege. Alirudi ameduwaa: kilomita mia nne na ushee za angani, saa moja tu, hata soda hajaimaliza! Tangu hapo nyumbani kukawa karibu mno. Krismasi iliyofuata mzigo ulikwama bandarini. Nyingine, wateja walikuwa wengi. Jirani yake, Mwarabu wa duka la manukato, alimchokoza mbele yangu.

"We Mangi, kwenu kulipokuwa mbali ulikuwa unafika!"

"Tulia, Sheikh. Hapo ni saa moja. Hata kesho naenda."

"Hiyo kesho yako imeshaota mvi."

Tulicheka. Mama yake alipopiga simu, sauti yake ilisikika duka zima. "Mbuzi nimemfunga, baba. Sitaki achinjwe na mtu mwingine." Naye akajibu, "Nakuja, mama," huku akimpimia mteja.

Nimeliwaza sana jambo hili. Barabara mbovu ilimlazimisha mtu apange: aage, afunge duka, aondoke. Ndege imetupunguzia njia, lakini nia haiuzwi pamoja na tiketi. Tuna lami, tuna simu, na bado wazazi wetu wanatusikia kuliko wanavyotuona. Msomaji wangu, safari ya kwenu haianzii uwanja wa ndege. Inaanza pale unapofunga duka na wateja wangali mlangoni.

Alhamisi tulimsindikiza uwanjani, upande wa mizigo. Mdogo wake alipiga simu nyumbani, akaweka sauti ya nje, sote tukasikia. Mama akauliza kama wameshampakia.

"Bado kidogo, mama."

"Basi mwambieni rubani asikimbize," akasema. "Chumba chake bado sijakifagia."

Yule jirani Mwarabu akageukia ukutani. Ndege iliondoka kwa wakati wake.