Kabro Nyeusi za Injinia Gichana

Ko. Nyundo ya mpira ikigonga kabro, tofali la kutandika chini: hiyo ndiyo sauti inayonijia kwanza nikimkumbuka Filister Obare, fundi aliyetandika uwanja wa soko moja la Homa Bay akiwa amepiga magoti wiki sita.

Kabro zake zilikuwa za rangi ya uji, zisizoshika jua. Kati ya kabro na kabro aliacha upenyo, akaujaza kokoto ndogo nilizombebea mimi, kibarua wake, ili maji ya mvua yazame, ardhi ibaki na unyevu wa kupoza mchana. Adhiambo, muuza omena, dagaa wa ziwani, alivua patipati zake adhuhuri moja, akasimama hapo, kisha akaketi.

"Nyar Uriri," akasema, maana Filister ni binti wa Uriri, "leo makalio yangu yamepata heshima."

Halafu akaja Injinia Gichana, msimamizi wa mradi, mtu ambaye hajaketi chini tangu apewe kiti cha kuzunguka. Akautazama uwanja kama aliyeletewa chai baridi.

"Inaonekana chafu. Mgeni wa heshima anakuja Jumatatu. Paka rangi nyeusi, ikae kisasa."

"Itachoma watu, injinia."

"Watu gani?"

Filister akamwonyesha akina mama waliokuwa mbele yake. Gichana akatazama simu.

Jumamosi, akijua vizuri kwamba Filister yuko kanisani na Sabato haivunji, akaleta wapaka rangi. Rangi ikawaishia kabla ya kufika upande wa omena. Jumapili akampigia Filister simu: amalizie mwenyewe, la sivyo kazi ya kutandika soko la Magunga, aliyoingojea mwaka mzima, itapewa mwingine.

Filister hakupaka.

Jumatatu jua lilikuwa wima na hotuba hazina mwisho. Kwenye weusi ule wageni walibadilisha miguu kama kuku. Mgeni wa heshima alisifu usasa huku akijifuta shingo. Gichana, na viatu vyake vya soli nyembamba za fahari, alisogea hatua, akasogea tena, mpaka akafika kati ya mabeseni ya omena, kando ya Filister. Akashusha pumzi. Kisha, bila haya, akasema:

"Magunga usahau."

Adhiambo akasonya. Filister aliviangalia viatu vile juu ya kazi yake, akasema kwa sauti ya chini, hata mimi niliyekuwa ubavuni nilisikia kwa shida:

"Sawa, injinia. Basi rudi ukasimame kule kwako."