Mgongo wa Baba Mkwe

Nilipokuwa na miaka ishirini na minne nilikuwa na vitu viwili nilivyovipenda kupita kiasi: mchumba wa Kinyakyusa pale Mbeya, na gari jeupe lenye turbo nililolinunua baada ya misimu mitatu ya kuuza viazi. Kipi kilitangulia moyoni, afadhali ninyamaze.

Jumapili mchana, baada ya ibada, tulikuwa tukishindana kwenye kipande cha barabara ya zamani, kilichoachwa barabara kuu iliponyooshwa. Magari mawili, mstari wa chokaa, mtu anashusha kitambaa, basi. Niliwashinda wengi. Aliyenikera alikuwa muuza mbao mmoja wa Mafinga, mwenye gari jeusi na mdomo mrefu kuliko barabara yenyewe.

"Dada, gari la mwanamke linamaliza breki kabla ya tairi," aliniambia mbele za watu.

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kumshinda yule.

Sasa, mimi ni Mhehe wa Iringa, na nilikuwa nimeshaanza kufundishwa mila za ukweni. Kubwa kuliko zote ni ukutila: mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Mkikutana njiani unageuza uso, unajifunika, ikibidi unaingia kichakani. Siku hizi wengi wameiacha, lakini familia ile ilikuwa bado imeishika, na mama mkwe alinifanyisha mazoezi hadi mwili ukakariri.

Jumapili ya kushindana naye ikafika, kitambaa kikashuka. Nikamwacha muuza mbao nyuma kwa urefu wa gari zima. Gia ya tatu, ya nne, turbo inapiga mluzi, chokaa ya mwisho naiona. Na pembeni ya chokaa namwona mzee mwenye koti la kijivu na kofia, anatembea taratibu kutoka msibani. Baba mkwe!

Akili ilisema kanyaga mafuta. Mguu, uliofundishwa vizuri, ukakanyaga breki. Gari likaserereka likasimama majanini, nami nikajifunika kichwa kizima kwa kanga niliyokuwa nimeikalia. Muuza mbao akapita akipiga honi.

"Si nilisema? Breki!" alipaza sauti, akicheka.

Nililia. Aliyenishinda hakuwa yeye, na nisingeweza kumweleza. Tena ukweni sasa walijua ninashindana, na wakisema gari liuzwe, litauzwa.

Jumatano mama mkwe akaja. Maneno yote ya baba mkwe kwangu yalipitia kwake. Nilikaa mkekani nikisubiri hukumu.

"Baba anasema umemheshimu, amefurahi sana," alisema. "Halafu anauliza, na yule kijana wa gari jeusi mnarudiana lini?"

Tulirudiana Jumapili iliyofuata. Nilipoingiza gia ya nne nikamwona tena yule mzee, palepale kwenye chokaa, koti lilelile. Mguu ukaanza kuhama kwenye mafuta. Ndipo nikaona kwamba ameipa barabara mgongo, ametulia anatazama mahindi ya watu kana kwamba ndiyo yaliyomleta.

Nikakanyaga mafuta hadi mwisho.

Nilipoivuka chokaa, gari jeusi lilikuwa bado nyuma yangu. Kwenye kioo cha pembeni niliona kofia imerushwa juu, na mzee bado hajageuka.