Kioo cha Kumi na Saba

Watu wakisikia idara ya patholojia hudhani ni maiti tu. Ndugu zangu wa damu, miaka ishirini na sita sasa, wakinikaribisha chakula hunitazama mikono kwanza. Nimechoka kuwaeleza kwamba mimi ni karani, nachapa majibu, na kwamba kazi yetu kubwa ni ya watu walio hai. Mtu amekatwa kauvimbe huko wodini, kanaletwa kwetu ndani ya kikopo cha dawa, na sisi ndio tunaosema kama ni kitu cha bure au ni saratani. Daktari wa upasuaji anasubiri karatasi yangu. Mgonjwa naye anasubiri, ila yeye hapati usingizi.

Baina ya kikopo na karatasi yupo mtu ambaye mgonjwa hatamjua kamwe. Kwetu ni Mama Wembe, fundi wa maabara. Kinyama kikifika anakikausha, anakizamisha kwenye nta mpaka kinakuwa kibonge kidogo kama kipande cha sabuni, halafu anakikata kwa mashine yenye wembe, chembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Kile kiutepe kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, anakiopoa kwa kipande chembamba cha kioo, anakitia rangi ya zambarau na waridi, ndipo daktari anakitazama kwa hadubini. Wengine wakikata, utepe hujikunja na kuchanika. Wa kwake hutandazika kama shuka lililopigwa pasi.

Kwa miaka thelathini hakumruhusu mtu aguse mashine ile. Waliletwa wanagenzi watatu kwa nyakati tofauti, wote akawaweka kuosha vioo mpaka wakaomba uhamisho wenyewe.

"Wembe haufundishwi, mdogo wangu," alikuwa akiniambia. "Unazaliwa nao."

"Huo ni uchoyo, dada. Tafuta jina jingine zuri ukipenda, lakini ni uchoyo."

Alikuwa akicheka, na uchoyo hakuuacha. Amenizidi miaka tisa, na ulimi wake ni mkali kuliko chombo chake cha kazi. Nampenda, na ninachoandika hapa ameniambia niandike.

Sisi ni idara ya chuo, kwa hiyo tunafundisha pia. Kufundisha kwetu kulikuwa sanduku moja la mbao lenye vioo thelathini, kila kimoja na namba yake. Aliyekuwa mkuu wa idara tulimwita Mzee Nimesema, kisirisiri bila shaka, kwa kuwa kila swali la mwanafunzi alilijibu kwa neno hilo. Alisimama akaligeuzia dirisha mgongo, wanafunzi wakainamia hadubini zao, akawasomea kutoka kichwani: "Kumi na saba. Uvimbe wa titi. Salama. Nimesema." Mwanafunzi aliyeuliza ni kwa nini uwe salama alionekana hana adabu. Macho ya profesa huyo yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, jambo ambalo idara nzima tulilijua na hakuna aliyefungua mdomo. Miaka yake ya mwisho hakuinamia hadubini hata mara moja darasani.

Mkesha wa mtihani mmoja, saa kumi alasiri, kioo cha kumi na saba kilimponyoka mhadhiri mmoja kikavunjika. Mama Wembe alikwenda stoo kutafuta kile kibonge cha nta ili akate kingine, akakuta kimekatwa na kukatwa mpaka nyama imekwisha. Akaenda kwa profesa.

"Tafuta kinachofanana," akaambiwa. "Mtihani ni kesho asubuhi. Nimesema."

Sasa, fundi wa kawaida angeshindwa, na kushindwa kwake kungetuokoa. Lakini Mama Wembe alikuwa amekata maelfu ya vinyama, na macho yake yalikuwa yanakumbuka. Alipekua droo za stoo, akapata kibonge kilichofanana na kile kama pacha na pacha. Kilikuwa na namba ya mgonjwa. Majibu ya namba ile yalikuwa kwenye rejista, na rejista zinakaa kwangu. Alinikuta mlangoni, mkoba begani.

"Nifungulie kabati mara moja, nihakikishe namba."

"Dada, nimeshafunga. Kesho."

Kesho yake ilikuwa mtihani, kila mtu alikuwa mbio, na hakuna aliyekumbuka. Kioo kipya kiliingia sandukuni na namba 17 tu juu yake. Wiki moja baadaye alinihadithia alivyomtafutia profesa pacha, tukacheka sana. Nilicheka, naandika hivyo makusudi.

Ikapita miaka kumi na moja. Kila mwaka darasa jipya liliinama, likaambiwa "salama", likaondoka na picha ile kichwani. Mara moja mtahini kutoka chuo kingine alikitazama kioo kile kwa muda mrefu, akauliza kama kweli tuna hakika. Aliambiwa lile neno unalolijua, akanywa chai yake akaondoka.

Bora kuliko wote katika miaka hiyo alikuwa kijana mmoja tuliyemwita Dakta Miwani. Mama Wembe alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Alimpa nafasi ya kukaa na sanduku mchana kutwa, alimpikia chai, alimtania kwamba ataoa hadubini. Alipohitimu akabaki kwetu, akawa anasoma vioo vya wagonjwa na kufundisha, na sanduku likawa lake.

Miaka minne iliyopita Mama Wembe alijigusa akakuta kitu kwenye titi la kushoto. Hakutaka mzaha. Alikwenda akakatwa, na kikopo kikaja mezani kwake mwenyewe. Nilimwambia amwachie mtu mwingine. Mtu gani, akaniuliza, na alikuwa na haki, maana wengine wote alikuwa ameshawafukuza. Alikikata mwenyewe, akakitia rangi, na kabla ya kumpelekea daktari akakiangalia. Alitoka mle chumbani akipiga vigelegele kama kwenye arusi.

"Kumi na Saba!" alinishika mabega. "Mdogo wangu, ni Kumi na Saba yangu kabisa!"

Dakta Miwani alisoma, akasema hivyo hivyo. Nikachapa: hakuna dalili ya saratani. Akatununulia soda idara nzima, na mimi nilikunywa mbili.

Karani haoni vioo, anaona majina. Mwaka juzi lilirudi jina la mwanamke ambaye uvimbe wake wa titi nilikuwa nimeuchapia "salama". Safari hii kinyama kilitoka kwapani, na majibu yalikuwa mabaya. Nikasema bahati ya mtu. Mwaka jana wakarudi wawili kama yeye, mmoja na kinyama cha ini. Nilitoa karatasi zao za zamani nikazilaza mezani pamoja. Zote ziliandikwa "salama", zote zilisainiwa na watu waliofundishwa kwetu. Nilizirudisha kwenye faili. Mimi ni karani, nilijiambia, nani kaniuliza?

Mzee Nimesema alistaafu, akaletwa mkuu mpya, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye tulidhani hataweza kitu. Ndani ya miezi miwili alikuwa amepindua kila kitu. Kila uvimbe usomwe na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Mashine ya Mama Wembe ipate mwanagenzi, na safari hii mwanagenzi akate, asioshe. Kila Alhamisi asubuhi tukae wote, tangu profesa hadi karani, mtu aliyekosea aseme amekosea wapi, na marufuku kumcheka. Na kila kioo cha kufundishia kihakikiwe upya.

Alhamisi ya tatu akaleta sanduku. Alikaa kwenye hadubini yenye macho ya watu wawili, akaanza na namba moja, akipitisha kimoja baada ya kingine. Alipoweka cha kumi na saba hakukitoa. Alisogeza kioo kidogo kidogo kwa vidole, akarudi, akasogeza tena.

"Hii ni saratani," akasema. "Ya polepole, inayojificha. Imevaa nguo za mtu mwema. Nani anajua kioo hiki kimeingia lini humu?"

Nilimtazama Mama Wembe. Alikuwa anakitazama kiganja chake.

"Kama kimo tangu mwanzo wa sanduku, ni miaka thelathini ya majibu, hatuwezi kuyarudia yote," mkuu akaendelea. "Tutakitupa, tuanze upya kuanzia leo. Lakini kama kuna anayejua tarehe, tunaweza kuwatafuta hao wanawake. Nitauliza tena wiki ijayo."

Mama Wembe alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Angenyamaza, kioo kingetupwa, naye angeagwa kwa keki na hotuba. Nilimfuata kwenye chumba chake cha kukatia. Alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya mashine, hakati kitu.

"Hakuna anayejua ila mimi na wewe," nilimwambia. Sijui nilikuwa namfariji au namshawishi. Naogopa nilikuwa namshawishi.

"Lete mkono wako," akasema.

Akauchukua mkono wangu, bila aibu, kama dada, akauweka chini ya kwapa lake la kushoto juu ya koti. Palikuwa na kitu kigumu, kama kokwa la tende.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili sasa. Nilijiambia, si Kumi na Saba? Kumi na Saba haina neno." Aliniachia mkono. "Wako wangapi huko nje wanajiambia hivyo, mdogo wangu?"

Ndipo nilipomwambia habari ya zile karatasi tatu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Alhamisi iliyofuata alisimama kabla ya mkuu kuuliza. Alisema yote: kioo kilichovunjika, kibonge kilichokwisha, pacha aliyemtafuta, namba aliyotaka kuihakiki. Alipofika hapo akanitazama, nami nikasimama nikasema kabati nililifunga mimi. Kisha nikaitoa ratiba ya mtihani wa mwaka ule, nikaitaja tarehe. Mkuu aliiandika. Hakutushukuru wala hakutukemea, alisema tu, "Basi tuna pa kuanzia," na Dakta Miwani aliyekaa pembeni yake alikuwa amevua miwani anaifuta, anaifuta, hata ingekuwa na tope ingekuwa imetakata.

Rejista ilitupatia wanawake mia mbili na kumi na wawili. Vioo vyao vya zamani vilikuwa vimepauka rangi, ikabidi vibonge vitolewe stoo vikatwe upya. Mama Wembe alimwita yule mwanagenzi, binti wa watu ambaye, licha ya amri ya mkuu, alikuwa bado hajasogezwa karibu na mashine, akamkalisha kwenye stuli yake mwenyewe.

"Kata hiki."

"Mama, nikiharibu?"

"Utakata tena. Usiuvute utepe, uache uje wenyewe. Wa kwanza huwa mbaya, hata wangu ulikuwa mbaya."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo. Utepe wa tatu ulikaa vizuri. Hakumwambia binti kibonge ni cha nani.

Kusoma kulianza Jumatatu, majina yamefunikwa. Mkuu alikaa jicho moja la hadubini, Dakta Miwani jingine. Mimi nilikuwa na kalamu, Mama Wembe alisimama nyuma yao na sinia la vioo. Mkuu alitazama, akamwachia daktari aseme kwanza.

"Salama," alisema Dakta Miwani. Sauti yake ilikuwa na furaha, kwa jinsi alivyokuwa na hofu asubuhi ile. "Mkuu, huyu amepona. Hiki ni Kumi na Saba mtupu."

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Aliinama tena haraka, akasogeza kioo huku na huku, akapandisha, akashusha. Alipoinua kichwa uso ulikuwa umelowa jasho.

"Najua si salama," akasema polepole. "Umetuonyesha, nimesoma vitabu wiki nzima, najua. Lakini nikiangalia bado naona salama. Macho hayakubali."

"Ni changu hicho, mwanangu," Mama Wembe akasema. "Ulikisoma mwenyewe ukanipa hongera ya bure. Nami nilikisoma kabla yako, kwa hiyo usilie peke yako."

Alilia hata hivyo. Mama Wembe aliweka sinia chini, akavuta stuli katikati yao.

"Mkuu, tuonyeshe. Anzia ukingoni. Na wewe, mwanangu, sogea, hatutoki hapa mpaka uione hiyo saratani."

Ilimchukua Dakta Miwani mpaka saa saba mchana ndipo akaiona. Mama Wembe alianza matibabu wiki iliyofuata. Daktari wake hasemi mengi, na yeye haulizi, anakuja kazini siku ambazo mwili unamruhusu. Mimi nachapa barua. Nimemaliza za kuwaita wanawake warudi, sasa nachapa za kuwaonya waliohitimu. Ni madarasa kumi na moja, madaktari sabini na wanne, na wengi wako hospitali ambako kila mmoja ndiye daktari pekee wa kusoma vioo, hakuna wa kumwambia atazame tena. Anwani nilizonazo ni za thelathini na mmoja.