Ninaona Muzuri, Mama

Muzee Yuma wa Mabanga, Goma, alikuwa dereva wa malori ya kwenda Walikale. Mwaka wa tisini na nane waasi walichukua lori lake, na macho nayo yakaanza kwenda polepole, kana kwamba yamelifuata. Aliyebaki kumwongoza ni mjukuu wake Sumaya, aliyesoma mpaka mwaka wa tatu tu wa shule ya primere. Kila alasiri alimsomea vitabu vya zamani, na neno gumu likija, aliliruka.

"Umekwepa shimo tena," muzee anasema.

"Hapana, koko," mjukuu anamjibu babu yake. "Barabara ni ile ile."

Ndugu zake walipanda na bidoni za maji kutoka ziwani. Yeye, kwa kuwa ana kitabu mkononi, hakuna aliyemtuma.

Mwezi wa kumi na mbili, 2001, wakasikia kuna chumba mjini kinachoazima vitabu vya kaseti pamoja na mashine yake. Si cha kila mutu: ni cha wasioona, na cha wale ambao mikono yao haiwezi kushika kitabu. Muzee akavaa koti la Idi. Fimbo akaikataa, dereva haingii ofisini na fimbo. Akashika bega la Sumaya, wakaenda.

Mama Domitille, mwenye chumba, aliandika kwenye karatasi bila kuinua kichwa. Akaeleza masharti: kaseti inarudi kisha kupita wiki mbili, mashine haipewi jirani, ikiharibika isifunguliwe nyumbani.

"Unaona, muzee?"

Goma nzima inamaliza maneno hivyo, kuuliza kama umeelewa. Na muzee akajibu kama Goma nzima inavyojibu:

"Ninaona, mama. Ninaona muzuri sana."

Kalamu ikatia alama penye swali la macho. Sumaya alikuwa amesimama karibu na meza. Kifaransa chake ni kidogo, lakini *oui* anaijua. *Oui*, ndiyo, anaona. Neno likamfika kwenye ulimi. Akawaza mashine inayosoma bila kuruka. Akawaza bidoni za maji zitakazomngoja. Akalimeza.

Majina ya waliokubaliwa yakabandikwa mulangoni kisha kupita siku nane. La muzee halikuwemo. "Bado, koko," Sumaya akamwambia. Moyoni alisema kesho ataenda kumweleza yule mama, na kesho ikazaa kesho nyingine. Tarehe kumi na saba ya mwezi wa kwanza mlima ukapasuka, moto ukashuka katikati ya mji, watu wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Waliporudi, palipokuwa chumba palikuwa jiwe jeusi, bado la moto chini ya sapatu.

Mwezi wa ine wakamkuta Mama Domitille sokoni, anauza sabuni.

"Mama, mimi ningali nangojea jina langu," muzee akatania.

Mama akamtazama, akalikumbuka koti. "Lakini muzee, weye ulisema unaona."

"Niliona maneno yako, mama. Macho yangu yalikufa zamani."

Mama Domitille akaweka sabuni chini. "Wale nilioandika walikimbia na mashine zao kichwani. Wanasikiliza mpaka leo. Zilizoungua ni zile zilizobaki kwangu."

Walipokaribia nyumbani, muzee akauliza:

"Sumaya, weye ulisimama pale kwenye karatasi. Haukuona kitu?"

"Sikuona, koko."

Alasiri ile alisoma maneno yote, hata yale magumu, moja moja. Alipofika mwisho wa ukurasa alingoja aambiwe amekwepa shimo. Muzee alikuwa ameugeuzia ukuta uso.